Kuwafundisha watawa wa Kibudha Kiingereza: maswali ninayoulizwa kila Jumapili baada ya ibada

Mimi ni mwalimu mstaafu, mshirika wa kanisa moja hapa Kasarani. Nimewahi kwenda Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, mara mbili, miezi mitatu kila mara, nikifundisha Kiingereza bila malipo katika shule iliyo ndani ya hekalu la Kibudha. Tangu nirudi, sijapata kunywa chai ya baada ya ibada ikiwa bado moto. Wazee wa kanisa wana maswali, akina mama wa chama wana maswali, na kuna kijana wa kwaya anayetaka kwenda kesho asubuhi. Nimeyaandika hapa ili nikiulizwa tena nitume tu huu ukurasa.

Kwanza kabisa, wewe umeokoka?

Nimeokoka. Swali linalofuata.

Ulikuwa unawafundisha akina nani hasa? Wazee wenye vipara?

Vipara ndiyo, tena na nyusi wamenyoa, kwa sababu Thailand watawa hunyoa nyusi pia. Lakini wazee, la. Wengi darasani kwangu walikuwa wavulana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na tisa. Hao huitwa *samanen*, yaani manovisi, watawa wanafunzi, na wanashika amri kumi. Mtu akifikisha miaka ishirini ndipo anaweza kuwekwa wakfu kuwa mtawa kamili, na hapo amri zinakuwa 227. Watawa kamili nilikuwa nao saba, wawili kati yao wakubwa kuliko kitinda mimba wangu. Wote hukaa pamoja, husoma pamoja, na wakiachwa bila mwalimu dakika tano hupiga kelele kama darasa lolote la Form Two.

Wakenya wengi hudhani kila mtoto aliyevaa joho la rangi ya chungwa ameitwa na dini. Wengine ndiyo. Wengi, ukikaa nao, utasikia habari nyingine: baba ni mkulima mlimani, au ni watu wa kabila la Washan waliovuka kutoka Myanmar, ada na sare hawawezi, na hekalu linampa mtoto kitanda, chakula na shule. Akimaliza anaweza kuvua joho aende zake, na hakuna anayemlaani. Kule kuvua joho si aibu.

Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilimkumbuka babu yangu. Kwetu Kirinyaga Wakristo wa mwanzo hawakuitwa waumini, waliitwa *athomi*, wasomaji. Mtu alikwenda misheni kutafuta kitabu, akapata kitabu, suruali na jina jipya kwa pamoja. Babu alituambia waziwazi kwamba yeye alifuata kusoma. Yesu alimkuta huko huko darasani miaka baadaye. Kwa hiyo nilipomtazama yule mvulana wa mlimani, sikuona Mbudha wa kubadilishwa. Nilimwona babu akiwa na miaka kumi na mitatu, isipokuwa joho lilikuwa la rangi nyingine.

Watawa wanataka Kiingereza cha nini?

Wengine watavua joho na kutafuta kazi, na Chiang Mai ni mji wa watalii. Wengine wanaendelea chuo kikuu. Thailand ina vyuo vikuu viwili vya watawa, na kimoja kati yake, Mahachulalongkornrajavidyalaya (jaribu kulitamka hilo jina ukiwa na njaa), kina kampasi katika hekalu la Wat Suan Dok hapo Chiang Mai. Huko wageni hukaribishwa kuketi na watawa na kuzungumza nao Kiingereza, kila mmoja akimuuliza mwenzake atakalo. Na wachache hutumwa nje ya nchi kuhudumu katika mahekalu ya Kithai yaliyoko Ulaya na Marekani.

Ahaa. Basi si unawasaidia kueneza Ubudha?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na aliyeniuliza ni mzee wa kanisa ambaye kwa kawaida husinzia wakati wa mahubiri.

Jibu la kweli ni kwamba inawezekana. Mmoja wa wale watawa saba huenda siku moja akasimama mbele ya watu London akaeleza mafundisho ya Buddha kwa Kiingereza nilichomrekebisha mimi. Nililiwaza sana usiku kabla ya kukubali kwenda. Kilichonitoa kwenye wasiwasi ni Garissa. Nilifundisha huko miaka minne nikiwa kijana. Wanafunzi wangu karibu wote walikuwa Waislamu, na mmoja wao leo ni imamu anayeandika barua za Kiingereza kizuri sana, na najua alikojifunzia. Hakuna mtu kanisani aliyewahi kuniuliza kama nilikuwa nikieneza Uislamu. Nilikuwa mwajiriwa wa serikali, nikifundisha sarufi. Mwezi wa Ramadhani nilipanga masomo magumu asubuhi, kwa sababu alasiri midomo imekauka na akili imelala. Nilipofika Chiang Mai nikakuta watu wasiokula baada ya saa sita mchana, nikapanga ratiba ile ile.

Mwalimu humpa mtu lugha, na atakachokisema kwayo ni chake. Ukiona jambo hilo halikupi usingizi, usiende. Sikukejeli, kuna kazi nyingine nyingi za Mungu.

Uliwahubiria?

Darasani, hapana. Nilimwahidi mkuu wa hekalu hivyo, na ahadi yangu haikuwa na mlango wa nyuma.

Najua kuna wanaosema mwalimu afiche mistari ya Biblia ndani ya mazoezi ya kusoma. Mimi naona huo ni ujanja. Mtoto amekuja kujifunza wakati uliopita wa vitenzi, kwao kitenzi hakibadiliki hata kidogo, anahangaika na *go* na *went*, halafu wewe unamtegea. Angekuja mwalimu Mbudha katika shule yetu ya Jumapili akatufanyia hivyo tungemfukuza na viatu mkononi.

Nje ya darasa nilijibu nilichoulizwa. Nao huuliza! Kwa nini unafumba macho ukila? Mungu wako anakula nini? Ukifa unazaliwa tena? Petro anasema tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye, "kwa upole na kwa hofu", na watu wengi huikumbuka ile sehemu ya kuwa tayari tu. Nilijibu, nikauliza nami, tukacheka. Jumapili nilikwenda kanisani mjini, na kila mtu hekaluni alijua niko wapi.

Msifikiri mimi ndiye Mkristo wa kwanza kukanyaga huko. Mmisionari wa Kipresbiteri, Daniel McGilvary, alianza kazi Chiang Mai mwaka 1867. Mwaka 1869 mtawala wa huko aliwaua waumini wawili wa mwanzo, na mwaka 1878 ikatoka amri ya kuruhusu kila mtu afuate dini aitakayo. Chuo Kikuu cha Payap, cha Kikristo, kipo hapo hapo mjini tangu 1974. Wakristo ni karibu asilimia moja tu ya watu wa Thailand, lakini asilimia hiyo ina kwaya.

Ulipiga magoti mbele ya sanamu?

Sikupiga. Wao huinama mara tatu hadi paji la uso linagusa sakafu. Mimi niliketi nyuma kimya, miguu nimeikunja upande, kwa maana kuelekeza nyayo kwenye sanamu au kwa mtawa ni utovu wa adabu mkubwa. Hakuna aliyenilazimisha wala kunikazia macho.

Kusalimia ni jambo jingine. Salamu yao ni viganja viwili pamoja kifuani au usoni na kichwa kuinama kidogo, wanaiita *wai*. Niliwasalimia watawa hivyo kila siku kama ninavyompa mzee wa kwetu mkono kwa mikono miwili. Msichoambiwa ni kwamba mtawa hairudishi hiyo salamu kwa mtu asiye mtawa. Wiki ya kwanza nilidhani nimemkosea kila mtu.

Pasta wangu alinipa habari ya Naamani kabla sijaondoka, 2 Wafalme 5: yule jemadari aliyemwomba Elisha radhi mapema, kwa kuwa mfalme wake humwegemea mkono anapoinama katika nyumba ya Rimoni, mungu wa kwao. Elisha alimwambia aende na amani. Nimeisoma mara nyingi tangu hapo, na bado sijui kama ningekuwa na ujasiri wa kumjibu Naamani hivyo.

Na chakula? Si kimetolewa kwa sanamu?

Chakula kingi hakitolewi kwa sanamu, hutolewa kwa watawa wenyewe. Alfajiri hutoka pekupeku na mabakuli, wanapita mitaani mstari mmoja, na watu hupiga magoti na kuwawekea wali, mboga, maziwa ya pakiti, hata tambi kavu. Wanarudi, wanakula, na kinachobaki huliwa na sisi wengine. Nilikula. Paulo katika 1 Wakorintho 10 anasema kula kilichowekwa mbele yako bila kuuliza maswali, isipokuwa mtu akikuambia kimetolewa sadaka. Siku moja mnovisi aliniletea ndizi, akaniambia kwa fahari kwamba imetoka mbele ya Buddha. Nikamwambia asante, hii hapana. Akaimenya akaila yeye, maana saa sita ilikuwa bado.

Sasa niwaambie jambo la kufurahisha. Kaskazini mwa Thailand hula wali wa kunata, unakuja kwenye kikapu kidogo cha mianzi. Unamega kwa vidole, unaviringa kitonge, unachovya kwenye pilipili ya kusaga, unatia mdomoni. Niliviringa cha kwanza, wanawake wa jikoni wakaacha kazi wakanitazama. Wakaniuliza kwa ishara ni nani aliyenifundisha. Niwaeleze ugali kwa lugha gani?

Ni kweli mwanamke hawezi kumgusa mtawa?

Kweli, na si kumgusa tu. Hata kitu hakipiti kutoka mkono wako hadi mkono wake.

Siku yangu ya pili nilimwita mtawa mmoja aje kuandika ubaoni. Akaja. Nikamnyooshea kalamu ya ubao kama nilivyowanyooshea wanafunzi chaki miaka thelathini na tatu. Akasimama kama mtu aliyekanyaga waya. Darasa likanyamaza. Mkono wangu uko hewani, wake haujatoka kwenye joho. Kisha polepole akatoa kitambaa cha rangi ya hudhurungi, kimekunjwa mara nne, akakitandaza juu ya dawati akashika ncha moja. Nikaiweka kalamu juu ya kitambaa. Akaivuta, akaiokota, akaenda ubaoni akaandika *Yesterday I go to market*. Hapo sikujua nianze kusahihisha nini.

Baadaye nilijizoesha kuweka kila kitu mezani na kurudi hatua moja. Madaftari mezani, kalamu mezani. Akina mama, msikasirike kabla hamjafika. Mtawa mmoja aliniambia kwamba amri hiyo inamfunga yeye, mimi hainifungi. Nilimwelewa, ingawa bado nina maneno yangu kuhusu ni nani anayerudi hatua moja kila mara.

Nguo: mabega yafunikwe, sketi ipite magoti. Leso mbili zilinitosha.

Kiingereza chetu cha Kenya kinakubalika?

Kwa kazi za mshahara, shule nyingi za Thailand hutafuta mtu kutoka Uingereza, Marekani na nchi chache kama hizo, na Mkenya hudaiwa cheti cha mtihani wa lugha kuthibitisha kwamba anajua alichosomea tangu chekechea. Inaudhi. Hekaluni hawakujali. Walitaka mtu anayesema polepole, asiyechoka.

Tena kuna mahali Mkenya anawashinda Waingereza. Mthai akisoma *school* utasikia *sakun*, kwa sababu konsonanti mbili za mwanzo hupachikwa irabu katikati, na *l* ya mwisho hugeuka *n*. Sisi tunaosema *sukuli* tunaijua hiyo njia. Na *r* ikawashinda kabisa: *rice* inatoka *lice*, yaani wali unakuwa chawa. Darasa lilingoja nikasirike. Nikawaambia kwamba mimi ni Mkikuyu, kwamba lugha ya mama yangu haina *l*, kwamba nilichapwa fimbo darasa la tatu kwa kusema *road* badala ya *load*, na kwamba hadi leo nikikasirika ulimi hurudi kijijini. Walicheka hadi mnovisi mmoja akaanguka kwenye benchi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeona haya kusoma kwa sauti.

Kithai ni kigumu?

Kina toni tano, na mimi nilizikosea zote. Lakini saa zao za usiku ni zetu! Saa moja usiku ni *nueng thum*, na *nueng* ni moja. Saa mbili ni *song thum*, mbili. Hivyo hivyo hadi saa tano. Walimu wengine wa kigeni walihesabu kwa vidole huku mimi nikifika kwa wakati.

Mwaka ndio ulinichanganya. Niliandika 2024 ubaoni, kijana akainua mkono kunisahihisha: 2567. Wanahesabu tangu Buddha, wametutangulia kwa miaka 543.

Karatasi zipi zinahitajika?

Sheria ya Thailand huhesabu hata kazi ya bure kuwa kazi. Usiende na visa ya utalii ukidhani kwa sababu hulipwi hutaulizwa. Hekalu au shirika linalokualika lazima litoe barua, uombe visa ya kujitolea (ni ile isiyo ya uhamiaji, aina ya O), na kibali cha kazi kishughulikiwe. Ubalozi wa Thailand uko hapa Nairobi, uliza kwao moja kwa moja. Utahitaji pia cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na kadi ya njano: wanaotoka Kenya hudaiwa chanjo ya homa ya manjano iliyochomwa angalau siku kumi kabla ya kuingia. Mimi nilichoma mapema sana, nikaipoteza kadi, nikahangaika wiki nzima. Ibandike ndani ya pasipoti.

Kuna ajenti amenipigia, anasema kuna nafasi ya kufundisha Thailand, tiketi analipa yeye. Niende?

Usiende. Soma hapa polepole, na umsomee yule kijana wa kwaya.

Tangu 2022 Wizara ya Mambo ya Nje imekuwa ikiwaonya Wakenya kuhusu kazi za Thailand ambazo si za Thailand. Vijana wetu wenye shahada wameahidiwa ualimu au kazi za kupokea simu, wakapokewa uwanja wa ndege wa Bangkok, wakapandishwa gari hadi Mae Sot mpakani, wakavushwa mto Moei hadi eneo la Myawaddy, Myanmar. Huko hunyang'anywa pasipoti na kufungiwa katika majengo ya utapeli wa mtandaoni, wakilazimishwa kuwaibia watu kwa kompyuta. Wanaokataa hupigwa. Wengi wameokolewa, na mtoto wa jirani yetu ni mmoja wao, hazungumzii.

Basi angalia. Hekalu la kweli halikutumii tiketi ya ndege, halina haraka, na halijali kasi yako ya kuchapa kwenye kompyuta. Ajenti yeyote wa kazi hapa Kenya anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na jina lake utalikagua mwenyewe. Ongea kwa video na mtu aliye hekaluni, akuonyeshe darasa. Andika nambari ya ubalozi wetu wa Bangkok kwenye karatasi, kwa maana simu inaweza kuchukuliwa. Na kama umeambiwa unakwenda Chiang Mai ukaona gari linaelekea Mae Sot, shuka penye watu na upige kelele.

Niende miezi gani?

Kuanzia Julai hadi Oktoba, msimu wa mvua, watawa hukaa hekaluni mwao miezi mitatu bila kuhamahama, kwa hiyo darasa halipungui. Februari hadi Aprili mashamba na misitu huchomwa na Chiang Mai hujaa moshi. Mwenye pumu asithubutu.

Nibebe zawadi gani?

Majani ya chai. Usibebe kitu cha kuvaa, wana nguo za aina moja.

Bado mnawasiliana? Na hakuna hata mmoja aliyeokoka?

Hakuna ninayemjua. Mnaotaka idadi ya kuandika kwenye ripoti ya idara ya misheni, andikeni sufuri.

Tunawasiliana. Yule aliyeanguka kwenye benchi amevua joho, nywele zimeota, anafanya kazi mapokezi katika hoteli ndogo. Mwaka jana mama yangu alilazwa, nami nikamwandikia kwamba sitaweza kumsaidia na mazoezi yake wiki hiyo. Akanitumia ujumbe wa sauti. Kwetu ilikuwa saa kumi jioni, kwao *song thum*, nami nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya duka la dawa la hospitali. Alisema, taratibu, kila neno peke yake: *Teacher, tonight I play for your mother.*

Niliusikiliza mara tatu. Kisha nikamjibu asante, na kwamba tukirudi tutaanzia ukurasa ule wa *r* na *l* tuliouacha katikati. Akasema yuko tayari.